Chati ya mtiririko kwenye kiwanda cha unga: inasaidia kweli au ni karatasi ya mkaguzi?

MsagajiKibaigwa:

Wakuu habari zenu.

Nina kiwanda kidogo cha sembe na dona hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mashine ya kukoboa moja (kilo 600 kwa saa ikiwa na afya), kinu cha nyundo kimoja (kilo 900 kwa saa), chekeche, mizani na cherehani ya kushonea viroba. Msimu ukichanganya tunapiga zamu mbili, mchana na usiku.

Kuna mteja anayelisha shule za bweni anataka kunipa oda ya kudumu. Mtu wake wa ubora alikuja, akaangalia stoo, akaangalia choo, akaniuliza chati ya mtiririko wa uzalishaji, yaani mchoro wa hatua zote tangu mahindi yanaingia mpaka unga unatoka, iko wapi. Sikuwa nayo. Amenipa mwezi. Mshauri mmoja wa mjini anataka laki nane anichoree, na amenitumia sampuli: masanduku saba yamesimama wima, la juu "Kupokea mahindi", la chini "Kuhifadhi". Nimeitazama sijaona hata sehemu moja inayozungumzia shida zangu.

Na shida ninazo. Mahindi yaleyale, siku nyingine yanatoa unga mzuri, siku nyingine viroba vinarudi dukani vikiwa na uchungu, na hivyo vinavyorudi vingi ni vya zamu ya usiku. Mkanda wa kinu unatoka mara kwa mara na vijana wanaurudisha kienyeji, roho yangu inakuwa juu. Nilikuwa napanga kununua kinu kikubwa zaidi ili niongeze uzalishaji.

Swali langu: hii chati inamsaidia mtu wa kiwango changu, au nilipe tu nipate oda? Na kama inasaidia, inachorwaje?

Kobe_wa_Dom:

Mkuu hayo ni makaratasi. Mkaguzi anataka karatasi, mpe karatasi. Mimi nasaga miaka mingi, mtiririko wangu uko kichwani. Laki nane nunua mikanda mipya na beringi, utaona uzalishaji unavyopanda.

MamaViwango:

Mdogo wangu wa Kibaigwa, laki nane usitoe. Mtu anayechora akiwa mjini hajui kwamba mahindi yako yanalala nje kwenye turubai kabla ya kuingia ndani. Wewe unajua. Nunua karatasi za manila, penseli na raba.

Kobe, nakuheshimu, ila mtiririko ulio kichwani mwako unalala saa nne usiku pamoja na wewe. Zamu ya usiku wanafuata wa kwao.

Nimefanya kazi ya ubora kwenye viwanda vya unga Iringa na Makambako tangu nikiwa binti, kwa hiyo nitasema kwa urefu, mnivumilie.

Usianze mezani, anza getini. Chagua gunia moja linaloshushwa kwenye fuso ulifuate mpaka linatoka likiwa viroba. Kila linapoguswa, andika. Kila linaposimama andika zaidi, maana kwenye viwanda vyetu mahindi husimama kuliko yanavyotembea. Mwulize anayefanya kazi, usimwulize msimamizi. Msimamizi atakwambia inavyotakiwa iwe. Wewe unatafuta inavyofanyika.

Alama zipo tayari, usibuni zako. Mtu na mkewe wa Marekani, Frank na Lillian Gilbreth, walipeleka wazo la kuchora hatua za kazi kwa alama kwenye chama cha wahandisi mitambo mwaka 1921, na baadaye chama hicho kikasanifisha alama tano: duara ni kazi inayofanyika, mraba ni ukaguzi, mshale ni kusafirisha, herufi D ni kusubiri, pembetatu iliyopinduliwa ni kuhifadhi. Huyo Frank alianzia kuwa fundi mwashi. Alitazama namna mafundi wanavyoinama na kugeuka, akapunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi kama 5. Nawataja kwa sababu watu wanadhani chati ni kitu cha wasomi wa kompyuta. Ilianza kwenye kazi za mikono. Kwenye hizo tano ongeza umbo la almasi kwa swali la ndiyo au hapana. Kwa kiwanda chako almasi ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Chukua geti peke yake. Gari limefika. Kijana anachoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia. Mangapi? Kama ni yale matatu ya nyuma aliyoyafikia bila kupanda, andika hivyohivyo kwenye chati, uone aibu ukiwa peke yako kabla hujaionea mbele ya mgeni. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa salama na la jirani limejaa. Kisha kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5 mwisho. Hapo weka almasi: imezidi? Ikiwa haijazidi, stoo. Ikiwa imezidi, mshale unakwenda wapi, na NANI mwenye mamlaka ya kuupeleka huko? Ukimwachia dalali ajibu, mshale utakwenda stoo siku zote. Ikiwa uamuzi ni kuanika, basi mshale uende kwenye turubai na urudi kwenye kipimo, siyo uende kwenye turubai na kupotelea huko. Sampuli ya mshauri wako haina mshale hata mmoja unaorudi nyuma. Ukiona chati ya kiwanda cha unga isiyorudi nyuma popote, mchoraji hajawahi kuingia kiwanda cha unga.

Sasa sembe na dona. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na kwenye punje yenyewe sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo kukoboa kunaipunguza. Kupika ugali hakuiondoi, moto wa jikoni hauiwezi. Maana yake ni kwamba dona, ambayo haikobolewi, haina ile hatua ya kukuokoa. Kwenye chati njia zigawanyike pale kwenye kuchambua, kabla ya mashine: mahindi bora kabisa yaende dona, na uchambuzi wa dona uwe mkali zaidi. Viwanda vingi hufanya kinyume, mahindi mabaya yanatupiwa dona kwa sababu "rangi haitaonekana". Ni mstari mmoja tu kwenye karatasi, lakini unabadilisha namna unavyonunua.

Na ile sumu iliyotoka kwenye sembe haikuyeyuka. Imeingia kwenye pumba. Pumba unamwuzia mfugaji, ng'ombe anakula, nyingine inatokea kwenye maziwa. Mshale wa pumba usiuache uishie ukingoni mwa karatasi kana kwamba umetoka duniani. Ukiwa na shehena ya mashaka, pumba zake zina swali lake na almasi yake.

Nakuja kwenye unga wako mchungu. Sijafika kwako, lakini nenda kaangalie vitu viwili. Cha kwanza ni maji. Kabla ya kukoboa mnalowanisha mahindi kidogo ili ganda litoke vizuri, sivyo? Nani anapima hayo maji, na kwa chombo gani? Usiku mtu akichoka anaongeza, kwa sababu mahindi yaliyolowa yanakoboleka kwa urahisi na zamu inaisha mapema. Hilo ni duara lisilokuwa na kipimo. Weka chombo chenye alama, weka muda wa kusubiri, andika kiasi kwa kila gunia. Cha pili ni joto. Kinu cha nyundo kinapasha unga. Ukiufunga ukiwa bado wa moto ndani ya kiroba chenye plastiki, unatoa jasho, na jasho linazaa ukungu. Kati ya kinu na mizani panatakiwa kuwe na D, unga upoe. Mchana huenda ipo bila mtu kuipanga, kwa sababu mshonaji anakwenda kula na kuswali. Usiku hakuna wa kuondoka, unga unatoka kinuni unaingia kirobani. Hiyo ndiyo faida ya kuandika mahali mali inaposimama: kuna kusimama kunakokula hela yako na kuna kusimama kunakokulindia jina.

Kinu kikubwa usinunue. Tazama namba ulizoandika mwenyewe. Unakoboa kilo 600 kwa saa. Pumba zikitoka, kinachofika kinuni ni kama kilo 450. Kinu chako kina uwezo wa 900. Yaani kwenye sembe kinakaa bure nusu ya muda, na wewe unataka kukiongezea ukubwa. Andika uwezo wa kila mashine pembeni ya duara lake na foleni itajionyesha yenyewe. Kama una hela, ipeleke kwenye kukoboa.

Kisha andika kilo kwenye kila mshale. Tuseme imeingia tani moja kukobolewa. Sembe imetoka 720, pumba 240, uchafu wa chekeche 15. Jumla 975. Hizo 25 ziko wapi? Nyingine ni unyevu, nyingine vumbi, nyingine zina miguu. Usimtuhumu mtu, pima mwezi mzima kwanza. Lakini usipokuwa na namba kwenye mishale hutajua hata kwamba kuna cha kuuliza.

Na ndoo. Kila kiwanda kina ndoo ya viroba vilivyopasuka, unga wa kwanza baada ya kubadili chekeche, na unga wa kuzoa chini. Inaandikwa wapi kwenye chati? Haiandikwi. Inarudishwa wapi? Kinuni, usiku. Ipe sanduku lake: uliopasuka juu ya meza safi unaweza kurudi kwenye chekeche, uliogusa sakafu hauwi chakula cha mtu tena.

Kuhusu yule mtu wa ubora aliyekuja kwako. Taratibu za HACCP, yaani za kutafuta na kudhibiti hatari kwenye chakula hatua kwa hatua, zilianzia kwenye chakula cha wanaanga wa Marekani, na sasa ndizo wanunuzi wakubwa wanazozidai. Kwenye mpangilio wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, zina hatua 12. Ya nne ni kuchora chati. Ya tano ni kuingia nayo kiwandani na kuhakikisha kilichochorwa ndicho kinachofanyika, saa zote za kazi. Hiyo ya tano ndiyo inayorukwa. Mshauri wa laki nane anakuuzia ya nne.

Msagishi_Eldoret:

Asante sana Mama. Niongeze kidogo kutoka huku Kenya, kwa sababu sisi tumeumia.

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Novemba 2019 KEBS, shirika letu la viwango, ikapiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa mpigo kwa sababu hiyo hiyo. Na Machi 2021 serikali yetu ikazuia mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda, siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo ikiwa cheti cha kuonyesha sumukuvu haijapita sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara wa mpakani Namanga wanakumbuka malori yaliyokwama.

Kwa hivyo ndugu, hiyo chati ibebe namba ya shehena. Gari likiingia getini lipewe namba, namba iandikwe stoo, iandikwe kwa daftari la kukoboa, na ipigwe muhuri kwa kiroba. Siku mwalimu wa shule akikupigia simu akisema unga una harufu, uweze kusema "kiroba hicho kimetoka gari la tarehe fulani, na vingine vya gari hilo viko shule hii na hii." Usipoweza, utarudisha kila kitu ulichouza mwezi huo. Nimeona kiwanda cha jirani kikirudisha kila kitu. Hakikufungua tena.

FundiMota_Mwanza:

Mama amemaliza upande wa chakula. Mimi ni fundi wa mota na starta (kiwashio cha mota), nishike huo mkanda unaotoka.

Mkuu, chati nyingi zinaonyesha kiwanda kikiwa kinatembea. Mikono haikatiki kiwanda kikitembea vizuri. Inakatika mkanda umetoka, kinu kimeziba, mtu anaharakisha. Chora chati ya pili, ndogo, ya kiwanda kikiwa KIMESIMAMA. Ianze na "kimeziba au mkanda umetoka" na iende hivi: funga mahindi yasiendelee kuingia, zima starta, shusha swichi kuu, piga kufuli kwenye swichi kuu, ufunguo akae nao mfukoni yule anayeingiza mkono. Siyo msimamizi. Wakiwa wawili, kufuli mbili. Kisha subiri, kwa sababu nyundo zinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatika na kelele zikipungua watu wanadhani zimekwisha. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe haiwaki. Ndipo ufungue kifuniko.

Hatua ya kubonyeza kitufe watu wanaicheka. Nimekuta swichi iliyoandikwa "KINU" inayokata umeme wa taa na chekeche, kinu kiko hai. Fundi aliyepita alibadilisha nyaya hakubadilisha maandishi.

Kuwasha nako kuna mpangilio. Kinachopokea kinawashwa kabla ya kinacholeta: chekeche, kinu, halafu ndipo mahindi. Kuzima ni kinyume chake. Kinu kikizimika ghafla na mlisho ukaendelea, unaziba mpaka juu, na hapo ndipo vijana wanaingiza fimbo. Mweleze fundi wako aunganishe starta ili kinu kikizima mlisho ukate wenyewe. Ni kazi ya waya kidogo, haina gharama ya kutisha.

Vumbi la unga nalo linalipuka, wengi hawaamini. Minneapolis, Marekani, tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha Washburn A kililipuka kikaua watu 18. Hakikuwa na petroli ndani, ni vumbi la unga lililoelea hewani likapata cheche. Wewe uko mdogo lakini huenda chumba chako kimefungwa na taa zina vumbi la kidole kizima. Zoa, usipulize na kompresa, maana ukipuliza unalirusha hewani. Kuchomelea na grinda: mashine zote zimezimwa, pamezolewa, ndoo ya maji ipo. Sumaku kabla ya kinu, kwa sababu ya msumari kwenye chakula na kwa sababu ya cheche. Hayo yote yawe masanduku kwenye chati, yasiwe maneno ya mkutano wa asubuhi.

La mwisho, wengi wanalisahau: mlinzi analala wapi? Ukiweka vidonge vya fosfini kuua dumuzi na fukusi, vinatoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo haichagui mdudu na mtu. Nimeshaona mlinzi anatandika juu ya magunia kwa sababu kuna joto. Hatua hiyo iwe na D kubwa yenye siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, mlango umefungwa na tangazo limebandikwa, kisha kupitisha hewa, ndipo mtu aingie.

Kobe_wa_Dom:

Sawa, hapo kwenye kilo 25 mmenigusa. Mama, kilo zangu ni nyingi kuliko hizo. Lakini nani ana muda wa kupima kila mshale?

MamaViwango:

Kobe, usipime kila mshale kila siku. Pima mitatu: kinachoingia kukoboa, pumba, na unga uliofungwa. Fanya hivyo kwa kila shehena. Mingine pima ukiona tofauti imekua.

MsagajiKibaigwa:

Wakuu nimerudi. Nimetembea na gunia kama Mama alivyosema, mchana na usiku. Maji: usiku wanatumia ndoo ya rangi ya lita 20, mchana kopo. Hakuna aliyewaambia. Kupoza unga: Mama umesema kweli tupu, usiku haupo kabisa. Na mahindi yangu yanapita mlango wa stoo mara mbili kwa sababu mizani iko upande usio wake, kila gunia linabebwa kwenda na kurudi. Kinu kikubwa nimekiahirisha.

Kuna maswali mawili yamebaki. Zamu ya usiku nina vijana wawili ambao kusoma ni shida. Na chati imekuwa kubwa, manila tatu zimeunganishwa, nibandike wapi?

MamaViwango:

Hongera, na hiyo mizani ihamishe kesho, usisubiri mkaguzi.

Manila tatu ni za ofisini, ndizo atakazoona mkaguzi. Kiwandani ikate vipande. Cha geti kikae getini, kina bambo, kipima unyevu na almasi yake. Cha kulowanisha kikae kwenye pipa la maji. Cha fundi wa Mwanza kikae kwenye swichi kuu, na kufuli lining'inie hapohapo chini yake. Kila mtu aone masanduku yake na moja la kabla na moja la baada, basi.

Wasiosoma wachoree. Ndoo yenye mstari mwekundu, mkono uliochorewa alama ya X kwenye kinu kilicho wazi, kiroba chenye mvuke na saa ya ukutani pembeni. Halafu waambie wao wakuelezee mchoro unasema nini. Wakikuelezea kitu kingine, mchoro ndio ubadilike.

Weka plastiki juu, vumbi litaula wino. Andika tarehe chini kwa penseli, na ukihamisha mashine au ukibadili chekeche, futa na uchore upya siku hiyohiyo. TBS, shirika la viwango, tangu 2019 ndio wenye usimamizi wa chakula baada ya kazi hiyo kutolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na wakija watauliza. SIDO Dodoma, wale wa viwanda vidogo, wanaweza kukutazamia kabla hujaomba alama ya ubora. OSHA, wa usalama kazini, nao jisajili kama bado, hiyo chati ya kufuli uwaonyeshe.

Na yule mtu wa ubora akirudi, usisimame ofisini ukimwelezea. Mpe karatasi atembee nayo kuanzia getini, na maswali ya bambo ajibu kijana wa bambo.